Mahmud wa Ghazni: Sultani Aliyeteka Nchi, na Wenye Elimu Wawili Aliowataka



Mpendwa msomaji, yeyote anayesoma historia ya falsafa ya Enzi za Kati hukutana mapema na jina la Avicenna, ambaye kwa Kiarabu ni Ibn Sina. Mtakatifu Thomas wa Akwino anamtaja katika sentensi za mwanzo kabisa za kijitabu chake De ente et essentia. Kwetu darasani jina hilo hupita kama jina la kitabu. Tunajifunza alichosema kuhusu kiini na uwepo, tunakiandika kwenye daftari, tunasonga mbele. Ni nadra kujiuliza mtu huyo aliishi wapi, chini ya mtawala gani, na kwa nini alitumia nusu ya maisha yake akihama mji hadi mji.

Nilipolifuatilia swali hilo nilimkuta mtu ambaye sikuwa nikimtafuta: Mahmud wa Ghazni, mtawala wa Kituruki aliyeishi kati ya mwaka 971 na 1030. Kwa Waislamu wengi wa zamani alikuwa shujaa wa dini. Kwa Wahindu wengi hata leo ni mvunja mahekalu. Napenda tumtazame mtu huyu bila haraka ya kumsifu wala kumlaani, halafu tuone alivyohusiana na wenye elimu wa wakati wake, maana hapo ndipo lilipo swali linalotuhusu.

Mjukuu wa soko la watumwa

Asili ya ukoo wa Mahmud inashangaza. Watawala Waajemi wa Bukhara, yaani ukoo wa Wasamani, walikuwa na desturi ya kununua vijana wa Kituruki kutoka nyika za kaskazini na kuwafundisha vita. Askari hao walikuwa watumwa, lakini watumwa wenye farasi na upanga, na mara nyingi walipanda vyeo hadi kuwa magavana. Mmoja wao, Alptigin, aligombana na wakuu wake, akaenda zake na askari wake, akauteka mji wa Ghazni mwaka 962. Mji huo uko milimani, kusini-magharibi mwa Kabul, katika nchi tunayoiita leo Afghanistan. Alptigin alikuwa amemnunua kijana mwingine wa Kituruki, Sebuktigin. Mwaka 977 Sebuktigin akawa mtawala wa Ghazni. Huyu ndiye baba yake Mahmud.

Mahmud alizaliwa tarehe 2 Novemba 971. Mama yake alikuwa binti wa mtu mashuhuri wa Zabulistan, eneo la jirani na Ghazni. Alifuatana na baba yake vitani tangu ujana wake, na kabla ya kufikisha miaka 25 alikuwa tayari mkuu wa majeshi ya Khurasan, makao yake yakiwa Nishapur. Lakini Sebuktigin alipofariki mwaka 997, urithi wa Ghazni aliuacha kwa mwanawe mdogo, Ismail. Mahmud alimwandikia ndugu yake akitaka wagawane. Ismail akakataa. Mwaka 998 wakapigana karibu na Ghazni, na Mahmud akashinda.

Wanasimulia kwamba siku moja Mahmud alimuuliza Ismail, kwa upole, angemfanya nini kama ushindi ungekuwa wake. Ismail akajibu kwamba angempeleka kwenye ngome fulani na kumpa kila alichohitaji isipokuwa uhuru. Mahmud alinyamaza. Baadaye akamfanyia ndugu yake hivyohivyo. Sijui kama mazungumzo hayo yalikuwa jinsi yanavyosimuliwa, lakini kwa viwango vya enzi zile, ambapo ndugu aliyeshindwa kwa kawaida alipofushwa macho au kuuawa, adhabu hiyo ilikuwa nyepesi.

Mwaka 999 dola ya Wasamani ilianguka. Waturuki wengine, Wakarakhani, waliingia Bukhara kutoka kaskazini, na mto Amu Darya ukawa mpaka kati yao na Mahmud. Khalifa al-Qadir wa Baghdad alimpelekea Mahmud joho la heshima na majina makubwa, Yamin al-Dawla, yaani mkono wa kuume wa dola, na Amin al-Milla, mwaminifu wa dini. Khalifa hakuwa na jeshi la kutegemewa, alikuwa na heshima. Mahmud alikuwa na jeshi, na alihitaji heshima. Tangu hapo, inaelezwa, aliweka nadhiri ya kwenda vitani India kila mwaka.

Dini, dhahabu na mishahara

Kwa hesabu inayotumiwa na wengi alikwenda India mara 17. Sitazipitia zote. Tarehe 27 Novemba 1001, karibu na Peshawar, alimshinda Jayapala, mfalme wa ukoo wa Wahindu Shahi. Jayapala alitekwa, akakombolewa kwa fidia kubwa, akarudi nyumbani, akamwachia mwanawe Anandapala kiti, kisha akajitupa motoni kwa sababu ya aibu. Mahmud alimpiga Anandapala pia, na akachukua hazina iliyohifadhiwa katika ngome ya Nagarkot, milimani. Mwaka 1018 alifika Mathura na Kannauj, ndani kabisa ya uwanda wa mto Ganga. Baadaye Lahore ikawekwa moja kwa moja chini ya utawala wake.

Safari iliyompa jina zaidi ni ile ya Somnath. Hekalu hilo la Shiva lilikuwa ufukweni mwa bahari, huko Gujarat. Mahmud aliondoka Ghazni Oktoba 1025, akavuka jangwa la Thar huku ngamia wakibeba maji, akafika Januari 1026. Watetezi wa hekalu walikufa kwa maelfu, jiwe takatifu likavunjwa, dhahabu ikachukuliwa. Idadi zinazotajwa na waandishi wa enzi zile, za wafu na za fedha, hatupaswi kuzisoma kama hesabu za karani. Waliandika ili kumtukuza bwana wao. Wakati wa kurudi jeshi lilisumbuliwa sana na Wajati waliokaa kando ya mto Indus, hata mwaka uliofuata Mahmud akaunda kundi la mashua zenye vyuma vikali ubavuni ili kuwalipizia humohumo mtoni.

Je, hii ilikuwa vita ya dini? Majina aliyopewa na khalifa yanasema ndiyo. Mambo mengine yanafanya jibu liwe gumu zaidi. Jeshi la Mahmud halikuwa jeshi la wakulima wanaoitwa vitani wakati wa kiangazi na kurudi shambani wakati wa mvua. Lilikuwa jeshi la kudumu, lenye watumwa-askari waliolipwa mishahara ya fedha taslimu. Mwanahistoria Gardizi anaeleza kwamba katika gwaride la mwaka 1023 walihesabiwa wapanda farasi 54,000 na tembo 1,300. Jeshi la namna hiyo linakula kila siku, kuna vita au hakuna. Mahekalu ya India kwa karne nyingi yalikuwa yamekusanya sadaka za wafalme na wafanyabiashara. Mwenye jeshi kubwa na hazina inayokauka hahitaji sababu nyingi za kitaalimungu ili aamue kwenda huko.

Tena, ndani ya jeshi hilohilo walikuwemo Wahindu waliobaki Wahindu, wenye makamanda wao. Chini ya Masud, mwana wa Mahmud, Mhindu aitwaye Tilak alitumwa kumpiga gavana Mwislamu aliyeasi Punjab. Naye Mahmud mwenyewe alipiga vita Waislamu wenzake bila kusita. Multan aliivamia kwa sababu mtawala wake alikuwa wa madhehebu ya Ismailia. Khwarazm aliichukua mwaka 1017, baada ya waasi kumuua mtawala wake, aliyekuwa shemeji yake. Alikwenda kulipiza kisasi, akabaki na nchi.

Waliolipia ukuu huo hawakuwa wageni tu. Khurasan, jimbo lililolisha dola, lilikamuliwa kodi mpaka wakulima wakaacha mashamba, na mwaka 1011 njaa kali iliupiga mji wa Nishapur. Kuna kisa kimoja cha mji wa Balkh ambacho kimekaa kichwani mwangu. Wakarakhani walipovuka mto kuuvamia mwaka 1006, Mahmud alikuwa mbali, na wananchi wakachukua silaha kuulinda mji wao. Walishindwa, na soko ambalo Mahmud alilijenga likachomwa moto. Mahmud aliporudi hakuwashukuru. Aliwakemea. Raia, kwa maelezo ya mwanahistoria Bayhaqi, waliambiwa kwamba vita si kazi yao. Kazi yao ni kumlipa kodi yeyote aliyeshinda. Kwa Aristotle raia ni yule anayeshiriki katika kuamua mambo ya mji. Kwa Mahmud raia ni kama shamba, ambalo halina neno juu ya nani atavuna.

Barua iliyofika Khwarazm

Mahmud alitaka Ghazni uwe mji wa elimu na ushairi kama Bukhara ilivyokuwa. Alijenga msikiti mkubwa, akaweka shule na vitabu karibu nao, na washairi wakajaa kwenye baraza lake. Ferdowsi, aliyemaliza utenzi wake mkubwa wa Shahnameh mwaka 1010, alitarajia zawadi kutoka kwake, na hadithi inasema alipewa fedha badala ya dhahabu, akaigawa yote kwa mhudumu wa hamamu na muuza kinywaji. Huenda ni hadithi tu, lakini Waajemi wameisimulia kwa miaka elfu moja.

Namna ya kuwapata wenye elimu ndiyo inayonigusa zaidi. Kabla Khwarazm haijatekwa, mtawala wake aliwakusanya katika mji wa Gurganj watu ambao hata leo orodha yao ingeupa heshima chuo kikuu chochote. Alikuwepo al-Biruni, mnajimu na mtaalamu wa hesabu. Alikuwepo Ibn Sina, kijana wa miaka thelathini na kidogo. Alikuwepo Abu Nasr Iraq, mtaalamu wa hesabu, mwalimu wa al-Biruni. Na walikuwepo Wakristo wawili, jambo ambalo vitabu vyetu vingi huliacha. Mmoja ni Ibn al-Khammar, tabibu na mtaalamu wa mantiki aliyesoma Baghdad kwa Yahya ibn Adi na kufasiri maandiko ya Aristotle kutoka Kisiria kwenda Kiarabu. Wa pili ni Abu Sahl al-Masihi, tabibu, rafiki wa Ibn Sina. Jina al-Masihi maana yake ni Mkristo.

Mwandishi Nizami Aruzi, aliyeishi zaidi ya karne moja baadaye, anasimulia kwamba Mahmud aliandika barua akitaka watu hao wapelekwe Ghazni. Mtawala wa Khwarazm hakuwa na nguvu ya kukataa, lakini kabla hajampokea mjumbe aliwaita, akawaeleza wazi, akawaacha wachague. Al-Biruni, Ibn al-Khammar na Abu Nasr wakakubali kwenda. Ibn Sina na Abu Sahl wakakataa, wakatoroka usiku. Njiani jangwani walikutwa na dhoruba ya mchanga, wakapotea, na Abu Sahl akafa kwa kiu. Ibn Sina akanusurika. Mahmud, inasemekana, aliagiza picha ya Ibn Sina ichorwe na nakala zake zisambazwe ili akamatwe popote alipo.

Hatuna budi kuisoma simulizi hii kwa tahadhari. Ibn Sina mwenyewe, katika maelezo ya maisha yake, anasema tu kwamba hali ililazimu aondoke, na aliondoka Gurganj miaka kadhaa kabla Mahmud hajafika na jeshi. Naye al-Biruni alichukuliwa Ghazni baada ya vita ya mwaka 1017, na mtu anayechukuliwa baada ya mji wake kutekwa hatuwezi kusema kwa urahisi kwamba alikubali. Lililo hakika ni kwamba mmoja aliishi upande wa sultani hadi mwisho, na mwingine aliishi akiukwepa upande huo.

Aliyebaki

Mtu angetegemea kwamba al-Biruni, akilishwa na Mahmud, angeandika vitabu vya kumsifu. Hakufanya hivyo. Alitumia mateka yake kama nafasi ya kusoma. Alifuata njia zilizofunguliwa na jeshi hadi Punjab, akajifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, akakaa na wanazuoni wa Kihindu na kuwauliza maswali, akafasiri kwa Kiarabu maandiko ya Patanjali juu ya Yoga. Katika ngome ya Nandana alipanda mlima, akapima pembe ambayo upeo wa macho unashuka chini ya mstari wa mlalo, na kwa hesabu hiyo akapata ukubwa wa dunia kwa kipimo kinachokaribia sana kile tunachokijua leo.

Kisha akaandika kitabu chake kikubwa juu ya India, kilichokamilika karibu na wakati Mahmud alipofariki, mwaka 1030. Mwanzoni mwake anaeleza kwa nini ni vigumu kwa Mwislamu kuwaelewa Wahindu. Anataja lugha, anataja tofauti za imani, kisha anafika kwa bwana wake. Anakiri kwamba Mahmud alifanya mambo ya ajabu huko, lakini aliiharibu neema ya nchi ile na kuwatawanya watu wake kama vumbi. Waliosalia, anasema, wamebaki na chuki kubwa kwa kila Mwislamu. Na elimu yao imekimbia kutoka nchi zilizotekwa, imekwenda mahali ambapo mkono wa watekaji haufiki, kama Kashmir na Banaras.

Tuyasome maneno hayo polepole. Yaliandikwa na Mwislamu mwenye imani, ndani ya mji wa Mahmud, chini ya watoto wa Mahmud. Hasemi kwamba imani yake ni ya uongo, wala hasemi kwamba dini zote ni sawa. Anasema kwamba upanga umewafanya watu wasitake kusikia. Kwa mtu aliyetafuta kuujua ukweli wa wengine, na aliyetaka wengine waujue ukweli wake, hasara hiyo haikulipika kwa dhahabu ya Somnath.

Ajabu ni kwamba hata utawala wa Mahmud uliwahi kujaribu njia nyingine. Miaka miwili mitatu kabla ya kifo chake zilitengenezwa Lahore sarafu za fedha zenye maandishi ya lugha mbili. Upande mmoja kuna shahada ya Kiislamu kwa Kiarabu, na upande wa pili maana yake kwa Kisanskriti, ambapo Mungu anaitwa asiyedhihirika aliye mmoja, na kwa Mtume limetumika neno la Kihindu, avatara. Sisi tunaosoma habari za utamadunisho tunaweza kujadili kama neno hilo lilifaa, maana avatara hubeba maana ambayo Uislamu hauikubali. Lakini mtu fulani huko Lahore alikaa chini akafikiri jirani yake angeelewaje.

Kabla msomaji hajasema kwamba hayo ni mambo ya Waislamu, tukumbuke ya nyumbani kwetu. Mwaka 782 Karolo Mkuu aliamuru Wasaksoni 4,500 wauawe huko Verden, kwa mujibu wa kumbukumbu za ikulu yake mwenyewe, na sheria zake zikaweka adhabu ya kifo kwa Msaksoni aliyekataa ubatizo. Naye alikuwa na mwenye elimu wake barazani, Alcuin wa York. Mwaka 796, watu wa Avari walipokuwa wameshindwa na kupangiwa ubatizo, Alcuin aliandika barua akisisitiza kwamba imani hutokana na hiari, kwamba mtu anaweza kusukumwa kwenye maji ya ubatizo lakini si kwenye imani, na kwamba zaka zilizotozwa kwa nguvu ndizo zilizowafanya Wasaksoni waichukie. Tarehe 12 Machi 2000 Papa Yohane Paulo II aliomba msamaha hadharani kwa makosa ya wana wa Kanisa, yakiwemo ya kutumia nguvu kwa jina la ukweli. Kwa hiyo tunapomsoma Mahmud hatukai kwenye kiti cha hakimu.

Aliyekimbia

Ibn Sina naye hakupata raha. Alipita Gurgan, akaenda Rayy, akawa waziri huko Hamadan, akafungwa ngomeni miezi minne, akaishia Isfahan. Aliandika mchana na usiku, mara nyingine akiwa safarini. Huko ndiko alikolikamilisha wazo ambalo sisi tunalisoma: kwamba katika viumbe vyote kuna tofauti kati ya kitu ni nini na kwamba kipo. Farasi unaweza kumwelewa ni nini bila kujua kama yupo farasi hata mmoja. Kila kitu cha namna hiyo kinaweza kuwepo na kinaweza kutokuwepo, kwa hiyo kinahitaji sababu, na mfululizo wa sababu lazima ufike kwa Yule ambaye kuwepo kwake ni lazima. Kwa Kiarabu alitumia maneno wajib na mumkin. Sisi Waswahili tunayo masikioni tayari, wajibu na yamkini, ingawa kwetu yamechukua maana za kila siku.

Mkono wa Ghazni uliendelea kumfuata. Mwaka 1029 Mahmud aliuteka mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo. Vitabu vya wanafalsafa na vya Mutazila vilichomwa moto, na vilivyosalia vikabebwa mizigo kwa mizigo hadi Ghazni. Mahmud alifariki tarehe 30 Aprili 1030, akiwa mgonjwa kwa muda mrefu. Wanawe wakagombana kama yeye na Ismail, ila safari hii Masud, aliyeshinda, alimpofusha ndugu yake. Masud alipoushambulia mji wa Isfahan, askari wake walipora mizigo ya Ibn Sina, na kitabu chake al-Insaf, alichokiandika kuwapima wafasiri wa Aristotle, kikapotea isipokuwa vipande. Ibn Sina alifariki mwaka 1037. Miaka mitatu baadaye, huko Dandanaqan, Masud alishindwa vibaya na Waturuki wa Seljuk na kuipoteza Khurasan yote. Wenzao wa ukoo huo walikuwa wameruhusiwa kuvuka Amu Darya na Mahmud mwenyewe, mwaka 1025, ili walishe mifugo yao.

Karibu mwaka 1150 mtawala wa Ghur, Ala al-Din Husain, aliuchoma mji wa Ghazni kwa siku saba, na tangu hapo akaitwa Jahansuz, mchoma ulimwengu. Kaburi la Mahmud liliachwa. Vitabu viliteketea, vikiwemo, kwa maelezo ya wanahistoria, vile vya Ibn Sina vilivyoporwa Isfahan. Na katika miaka hiyohiyo, mbali sana na huko, katika mji wa Toledo nchini Hispania, shemasi mkuu Dominicus Gundissalinus alikuwa ameketi na Myahudi aitwaye Avendauth wakiwa na kitabu cha Ibn Sina juu ya nafsi. Avendauth alisoma Kiarabu neno kwa neno na kulitamka kwa lugha ya kawaida ya watu wa hapo, na Gundissalinus akaliandika kwa Kilatini, ili kazi yao ipelekwe kwa Askofu Mkuu Yohane wa Toledo.